Usiitie sahihi hiyo barua, mwanangu

"Shangazi, nafanya kazi godauni la chai Shimanzi, hapa Mombasa, mwaka wa nne huu. Nna pumu na vumbi limezidi. Niliomba nihamishiwe upande wa kubandika lebo, supavaiza akanitangaza mbele ya shifti nzima kuwa mie mgonjwa. Nimekatwa pesa za siku tatu nilizolazwa, na sasa meneja ataka niandike barua ya kurizaini 'kwa hiari' ifikapo Jumatatu. Nna watoto wawili. Nifanyeje?" Mama wa Likoni

Pole sana mwanangu. Nianze na lililo moto: hiyo barua usiiandike wala usiitie sahihi, hata wakikuwekea kalamu mkononi. Ukishaandika kwamba waondoka kwa hiari yako, kesho ukienda kulalamika wataitoa karatasi hiyo hiyo waseme mbona aliomba mwenyewe, na utakuwa na kazi ngumu kujitetea. Wao wajua wafanyalo. Kumuachisha mtu kazi kwa ugonjwa kuna utaratibu wake, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yawataka wakuite wakueleze sababu kwa lugha unayoifahamu na wakusikize kwanza, ndio maana watafuta njia ya mkato kupitia mkono wako.

Hizo siku tatu ni haki yako. Mtu akishatimiza miezi miwili kazini ana siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyengine kwa nusu, kila mwaka, bora awajulishe na awe na cheti cha daktari. Wewe ulilazwa, karatasi si unazo? Zidai kwa maandishi, hata kwa meseji, na skrinshoti umtumie mtu wa nyumbani maana simu hupotea.

Lakini lililoniuma zaidi ni huyo supavaiza. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, wallahi mtu mzima hutangazwa mbele ya wenzake kama mwizi? Ndio maana watu wanaugua kazini wananyamaza, wanameza dawa chooni mpaka siku wanaanguka, halafu mtu kama wewe ulievuta inhela alfajiri kwenye feri ukaja ukasimama shifti nzima ndie unaeitwa mvivu. Hilo silikubali kabisa.

Rudi kwa daktari, na usiridhike na ile karatasi ya "apumzike siku mbili". Mueleze ni vumbi la chai, wasimama karibu na mashine gani, kifua chabana saa ngapi, na kama siku ya ofu wapumua vizuri mwambie pia, ili aandike wazi kuwa kazi ya hapo yakudhuru na wafaa kuhamishwa. Vumbi la chai lajulikana kuchochea pumu kwa wanaopakia, si deko lako. Na barakoa ya maana ni mwajiri akupe bure, sio leso ujifunge mwenyewe.

Wakikufukuza hata hivyo, nenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, kabla miezi mitatu haijapita. Mahakama ya ajira nayo ipo hapa hapa Mombasa, na ikiona umeonewa yaweza kuamuru ulipwe mpaka mshahara wa miezi 12.

Jumatatu usiingie peke yako. Sheria yakuruhusu kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, chagua mtu asieogopa kuandika, akae kando yako anukuu kila neno, na wakikusukumia ile barua wewe sema tu, "Mie sijaomba kuondoka, naomba kuhamishwa."