Jibu: Ripoti ya SBIR inaondoka Ijumaa? USIITUME HIVYO

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo ripoti usiitume.

Umeuliza mambo manne kuhusu kuingia Awamu ya Pili ya SBIR, ule mpango wa serikali ya Marekani wa kulipia utafiti wa kampuni ndogo, na Wizara ya Ulinzi ya huko: bei, mhasibu, profesa wako wa chuo na binamu yako wa Mwanza anayeandika programu. Halafu chini kabisa, kwa kupitia tu, umeandika kwamba ripoti ya mwisho ya Awamu ya Kwanza inaondoka Ijumaa, "yale maandishi ya haki nitayaweka Awamu ya Pili, kwa sasa nimegonga SIRI YA KAMPUNI kila ukurasa." Hapo chai imenipalia.

SIRI YA KAMPUNI haikulindi chochote kwenye mkataba wa jeshi. Kanuni za manunuzi za wizara hiyo, DFARS, kifungu 252.227-7018, zimekuandikia maneno yenyewe ya tamko la haki za data: namba ya mkataba, jina la kampuni, anwani, tarehe ulinzi unapokwisha, kisha aya nzima ya tamko. Unanakili neno kwa neno. Ukitunga ya kwako, hata iwe kali namna gani, hiyo ni alama isiyokubalika. Na usipoweka kitu kabisa inahesabika umewapa haki zisizo na mipaka: watumie, wabadili, wanakili, wampe mtu yeyote kwa kazi yoyote. Mtu yeyote, mkuu. Mshindani wako naye ni mtu yeyote.

Sisi tulikuwa na mfumo wa kupoza betri za droni. Mdogo, mwepesi, na bila kujisifu ulifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea mwenyewe. Tukapata Awamu ya Kwanza, tukapata ya Pili, nikaanza kutembea kama mtu mwenye kiwanda. Wakati huo tulikuwa na mshauri wa kuandika mapendekezo. Jina lake silitaji, ila kama umewahi kukutana na bwana mwenye tai ya bei na majibu ya kila kitu kabla hujamaliza swali, basi labda ni yeye. Alichukua chake mapema, taslimu. Nilipomuuliza kuhusu hayo maandishi akasema usijaze kurasa kwa sheria, afisa mikataba atakuona msumbufu, andika SIRI YA KAMPUNI inatosha. Nikaandika. Herufi nyekundu, kubwa, unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Ripoti ikaenda na michoro yote. Vipimo vya mifereji, mchanganyiko wa gundi, mpangilio wa majaribio, kila kitu. Baada ya muda ikaja barua ya afisa mikataba, fupi na ya heshima: alama zenu hazikubaliki, rekebisheni ndani ya siku 60. Mtu mwenye akili timamu angerekebisha jioni ile ile, kazi yenyewe ni kunakili na kubandika! Nikampigia bwana tai. Akacheka. "Hizo barua wanatuma kwa kila mtu, puuza."

Siku 60 zikipita bila kurekebisha, serikali ina ruhusa ya kuzipuuza hizo alama au kuzifuta kabisa kwa gharama yako. Mimi nilikuwa nasubiri Awamu ya Tatu kwa hamu, kwa sababu huko ndiko kwenye hela halisi. Huko hulipwi tena kwa hela za SBIR zenyewe, ila ofisi yoyote ya serikali inaweza kukupa mkataba moja kwa moja bila kushindanisha, kwa kuwa ushindani ulishaupita mwanzoni. Simu ikawa kimya. Baadaye nikaenda kwenye kikao cha wakandarasi, kampuni moja kubwa ikapanda jukwaani na mfumo wa kupoza betri. Mchoro ni wangu. Najua ni wangu kwa sababu nilikosea herufi moja kwenye jina la sehemu fulani, na kosa langu lilikuwa pale ukutani, limekuzwa, watu wanalipiga picha.

Nikamuuliza wakili kama naweza kushtaki. Akauliza, "Uliandika tamko?" Nikamwambia niliandika SIRI YA KAMPUNI. Akavua miwani, akaifuta taratibu. Bili ya dakika hizo za kufuta miwani ninayo hadi leo.

Kinachoniuma ni kwamba sheria ilikuwa upande wetu. Mpango wa SBIR ulianza 1982, Rais Reagan alipotia saini. Kuanzia mwaka wa bajeti 2017 mashirika makubwa ya serikali yalitakiwa kutenga angalau asilimia 3.2 ya bajeti ya utafiti unaofanywa na watu wa nje ya serikali kwa ajili ya kampuni ndogo kama zetu, na data unayoizalisha inalindwa miaka 20 tangu siku mkataba ulipotolewa. Miaka 20! Mtoto anazaliwa hadi anaingia chuo. Na wewe unataka kuitupa kwa sababu ya kunakili aya moja.

Kwa hiyo leo usiku fanya hivi. Tamko liwe kwenye barua ya kusindikizia na kwenye kila ukurasa wenye data inayolindwa. Kama ni sehemu tu ya ukurasa, izungushie au ipigie mstari ijulikane ni ipi. Usigonge kila mahali kama mhuri wa posta, wakikuhoji utashindwa kutetea. Data ya umbo, vipimo vya nje na kazi ya kifaa serikali ina haki nayo bila mipaka hata uweke alama mia, kwa hiyo siri zako usizichanganye humo. Vitu ulivyovibuni kwa hela yako kabla ya mkataba viorodheshe kwenye pendekezo la Awamu ya Pili, mapema, siyo siku ya kukabidhi. Na kwenye programu weka tangazo, ila lisicheleweshe mashine kufanya kazi: kwa programu inayoweza kutumika vitani, tangazo la kuchelewesha linahitaji ruhusa ya maandishi ya afisa mikataba. Inaeleweka, hakuna askari anayetaka kubofya "nakubali" huku anapigwa risasi.

Binamu wa Mwanza: HAPANA. Umesema mada yako iko chini ya ITAR, kanuni za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa silaha na teknolojia yake. Wewe mwenye kadi ya kijani unahesabika mtu wa Marekani, yeye hapana. Kumtumia hata faili moja la kiufundi bila leseni ni kusafirisha teknolojia ya kijeshi nje ya nchi, na adhabu yake ina jela ndani. Mtumie hela ya sikukuu, basi.

Mhasibu awe anayejua DCAA ni nini, wale wakaguzi wa hesabu za mikataba ya Wizara ya Ulinzi. Ukimtajia akauliza "ni benki?", toka. Bei na profesa tutaongea siku nyingine.

Nirudi kwenye alama, maana sijamaliza. Umesema ripoti za kila mwezi ulishatuma. Nazo zilikuwa na SIRI YA KAMPUNI, au hazikuwa na kitu? Kama hazikuwa na kitu, una miezi 6 tangu kila moja ilipokabidhiwa kuomba ruhusa ya kuweka tamko. Gharama ni yako, unathibitisha uliacha kwa bahati mbaya, na unakubali serikali haidaiwi kwa kilichokwisha sambaa. Ya kwanza uliituma lini? Fungua barua pepe uangalie tarehe sasa hivi, kisha mwandikie afisa mikataba kesho asubuhi, yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mshauri yeyote mwenye tai.