Jibu: Kwani basi la shule lilikuwa na ubaya gani Marekani?
Mkuu umeuliza basi la shule lina ubaya gani mpaka Kamala Harris amkalie Joe Biden kooni kwenye mdahalo wa 2019 wa waliotaka kugombea urais kupitia Democratic. Basi lenyewe halina shida bana, watoto wa Marekani walishapanda miaka na miaka hakuna aliyelalamika, shida linaenda kushusha wapi. Mahakama ya Juu ilikataza ubaguzi shuleni 1954 ila mitaa ikabaki weusi huku weupe kule na shule vile vile, ndo 1971 ikaruhusu watoto wabebwe na mabasi wachanganywe. Boston, Septemba 1974, watoto weusi wa mtaa wa Roxbury wanapelekwa South Boston, mtaa wa weupe, mabasi yakapigwa mawe, vioo vikawapasukia kwenye siti. Na hao ni watu wa kaskazini waliozoea kuwanyooshea kidole wa kusini kwa ubaguzi!

Ila mi naona kilichoua mpango ni kesi ya Detroit mwaka huo huo, majaji wa Mahakama ya Juu 5 kwa 4 wakasema vitongoji vya nje ya jiji visivyothibitika kubagua visiingizwe kwenye mpango wa mabasi, yaani mzungu mwenye hela anahama tu kilomita chache, kamaliza. Biden alipinga mabasi ya kulazimishwa, Kamala alilipanda akiwa mdogo kule Berkeley, California, ndo maana ilimuuma vile.