Maswali ya sheria: Nikikiri nilipe faini, yataisha?

SWALI: Niko mwaka wa pili chuoni. Tulikuwa tukitaniana na mwenzangu bwenini, tukasukumana, kioo cha mlango kikavunjika. Nimeshtakiwa kwa kuharibu mali. Askari ananiambia nikikiri nitatozwa faini na mambo yaishe siku hiyo hiyo. Je, kosa dogo kama hili linahitaji wakili?

JIBU: Ndiyo, na umwone kabla hujajibu shitaka. Huenda usimhitaji hadi mwisho wa kesi, lakini saa moja ya ushauri mapema ni bora kuliko miezi ya kuhangaika na rufaa. Katika nchi nyingi, aliyekiri kosa hukata rufaa juu ya adhabu tu, si juu ya hatia yenyewe.

Usiipime kesi kwa faini. Faini hulipwa ikaisha. Hatia hubaki kwenye kumbukumbu, nawe utaulizwa habari zake unapoomba kazi, viza au leseni ya ualimu au uuguzi. Anayesoma ugenini ajihadhari zaidi. Huko Marekani, tangu hukumu ya Padilla dhidi ya Kentucky ya mwaka 2010, wakili analazimika kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha nchini. Askari hana wajibu huo.

Kwako kuna jambo kubwa zaidi. Kwa kawaida shitaka la kuharibu mali halisimami kwa sababu tu kitu kimevunjika. Lazima ithibitishwe kwamba ulikusudia au, katika baadhi ya nchi, kwamba uliiona hatari ukaipuuza. Ukijibu "ni kweli" umekiri na hilo pia, ilhali unayotueleza ni ajali. Wakili ataliona akisoma hati ya mashtaka, na anaweza kumwomba mwendesha mashtaka aliondoe shitaka kioo kikilipiwa. Usikimbilie kulipa peke yako: malipo yasiyo na maandishi kwamba hukiri kosa yanaweza kugeuzwa ushahidi.

Wengi hunasia kwenye kamati ya nidhamu ya chuo. Mtu hunyamaza polisi, kisha humwandikia mlezi wa wanafunzi barua ndefu ya kuomba radhi, na barua hiyo ikafika mahakamani. Muulize wakili kama chuo kinaweza kusubiri kesi iishe. Jumbe za simu za siku ile usizifute. Kufuta kunaweza kukuletea shitaka jingine.

Kama huna fedha, jaribu ofisi ya msaada wa kisheria au kliniki ya kitivo cha sheria, yaani huduma ya ushauri wa kisheria inayotolewa na kitivo hicho. Beba hati ya mashtaka, masharti ya dhamana, nakala ya maelezo uliyotoa polisi, barua za chuo na majina ya walioshuhudia.

Tarehe ikifika kabla hujapata wakili, nenda mahakamani hivyo hivyo. Asiyefika hutolewa hati ya kukamatwa. Omba muda wa kutafuta wakili, na ukilazimika kujibu, kana. Kukana si kusema uongo: ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe madai yake, na jibu hilo unaweza kulibadili baadaye.