Kibali cha Uingereza hakihamii kwenye pasipoti mpya, hata ukizifunga mbili pamoja

Usifanye hivyo, dada. Salamu nitakupa baadaye. Umeandika kwamba mama mkwe wako, raia wa Oman ambaye hivi sasa yupo Wete, Pemba, alipata kibali cha kielektroniki cha kuingia Uingereza mwaka jana, kwamba pasipoti yake imebadilishwa tangu hapo, na kwamba wakala aliyewauzia tiketi amewahakikishia kuwa kibali kinadumu miaka miwili, kwa hiyo inatosha achukue pasipoti zote mbili, ya zamani na mpya, zikiwa zimefungwa pamoja kwa mpira. Maneno hayo hayo, na mpira wenyewe, nilipewa mimi kuhusu shangazi yangu.

Kibali hiki, ambacho Waingereza wanakiita ETA, hakigongwi muhuri wala hakibandikwi katika ukurasa wowote. Ni kumbukumbu iliyomo katika kompyuta za serikali yao, nayo imefungamana na pasipoti iliyotumika kuombea. Miaka miwili ni kweli, lakini wakala wako amesoma nusu ya sentensi: kibali hudumu miaka miwili au hadi pasipoti ile itakapokwisha muda, lolote litakalotangulia, na mtu akipata pasipoti mpya hulazimika kuomba kibali kipya hata kama kile cha mwanzo kilitolewa wiki iliyopita. Mfanyakazi wa kaunta anapoipitisha pasipoti mpya katika mashine, kompyuta huulizwa kuhusu pasipoti hiyo tu. Ya zamani mnaweza kuiweka mezani, mkaifunua na mkaapa kwa kila kiapo, na jibu litabaki kuwa hakuna ruhusa.

Nimejiuliza sana mawakala wetu wameutoa wapi mchezo huu wa pasipoti mbili, na nadhani nimepata jibu. Viza ya Marekani iliyobandikwa katika pasipoti iliyokwisha muda huendelea kutumika hadi tarehe yake, mradi msafiri achukue pasipoti zote mbili, na watu wengi wamesafiri hivyo bila kuulizwa neno. Kwa upande wa Oman kuna sababu ya pili. Kabla ya Februari 2024, raia wa Oman aliyetaka kuzuru Uingereza aliomba msamaha wa viza wa kielektroniki kwa pauni 30, na aliuomba upya kwa kila safari, kwa hiyo pasipoti ikibadilika, ombi la safari inayofuata lilijazwa kwa namba mpya bila mtu hata kufikiri. Utaratibu wa sasa ni nafuu zaidi na unaruhusu safari nyingi, kila moja isiyozidi miezi 6, na nafuu hiyo ndiyo iliyowalaza watu usingizi: wamepewa kitu cha miaka miwili, wakasahau kwamba kimefungwa na kijitabu ambacho kinaweza kubadilishwa katikati.

Shangazi yangu alikuja Unguja kwa harusi, na kutoka hapa alikuwa aende London kupitia Muscat kuhudhuria mahafali ya mjukuu wake. Mimi ndiye niliyekabidhiwa shughuli ya tiketi, kwa kuwa katika ukoo wetu mtu akijua kutuma barua pepe huhesabiwa kuwa mwanasheria. Nilikwenda kwa wakala wa mjini, mtu mwenye ofisi yenye kiyoyozi na ramani kubwa ya dunia ukutani, nikamwonesha pasipoti mpya, nikamwonesha na barua pepe ya kibali cha zamani, nikamuuliza waziwazi kama kibali bado kinafaa. Hakufungua hata ukurasa mmoja wa serikali ya Uingereza. Alihesabu miezi kwa vidole, akasema muda ungalipo, akazifunga pasipoti kwa mpira, akanitoza ada ya "kukagua nyaraka". Ada ya kukagua! Laiti angenitoza ada ya kunisalimia, angalau salamu niliipata.

Katika uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume tulifika mapema, tukapanga foleni kwa ustaarabu, na binti wa kaunta akajaribu mara ya kwanza, akajaribu tena, kisha akamwita mkubwa wake. Walitueleza kwa adabu kwamba wanaweza kumpeleka hadi Muscat, kwa kuwa ni kwao, lakini hawawezi kumpa pasi ya ndege ya London, kwa sababu shirika linalompakia abiria asiye na ruhusa linaweza kutozwa faini na kutakiwa kumrudisha kwa gharama zake. Nikasema nitaomba kibali kipya papo hapo kwa simu. Picha ya pasipoti ikakataliwa kwa sababu ya mng'ao wa taa, nikapiga nyingine; picha ya uso ikakubaliwa, maswali nikayajibu; nikafika kwenye malipo. Huko pesa za simu hazipokelewi. Kadi yangu ya benki ikakataliwa, ya binamu yangu haikuwa imefunguliwa kwa malipo ya nje ya nchi, na shangazi mwenyewe kadi yake aliiacha Muscat, kwa sababu, kama alivyosema, Unguja yupo kwa watoto wake na hatarajii kulipa kitu. Kaunta ikafungwa tukiwa bado tunapiga simu za kuomba kadi.

Jioni jamaa mmoja alitulipia, na kibali kikaja kesho yake, wakati ndege ya London imekwishatua. Tiketi ilikuwa ya bei nafuu, ya aina isiyorejeshewa fedha, na safari mpya iliyopatikana haikuwahi mahafali. Shangazi aliyatazama kwa simu, sebuleni kwangu, bila kunilaumu hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko lawama. Halua ya Wete aliyokusudia kumpelekea mjukuu tuliila sisi. Wakala nilipomrudia aliniambia kwamba "mfumo wao umebadilika ghafla". Haukuwa umebadilika; sharti la pasipoti mpya limeandikwa katika maelezo ya serikali yao, kwa lugha ambayo mtu anayelipwa kwa kukagua nyaraka anapaswa kuisoma.

Kwa hiyo nakusihi ushike jambo hili moja: kibali kiombwe kwa pasipoti ile ile itakayokabidhiwa kaunta, na pasipoti ikibadilika, hesabu kwamba huna kibali. Hili haliwahusu Waingereza peke yao. Kibali cha Kanada, ambacho hudumu hadi miaka 5, hufa pamoja na pasipoti kilichounganishwa nayo, na kile cha Marekani kwa raia wa nchi zisizohitaji viza nacho huombwa upya pasipoti inapobadilishwa. Hata sisi wenye pasipoti ya Tanzania, ambao kwa Uingereza tunaomba viza kamili na hivyo tunaweza kudhani mkasa huu ni wa wengine, tukienda Shelisheli tunakutana na jambo lile lile: nchi ile haitudai viza, lakini inatudai kibali cha mtandaoni kabla ya kusafiri, na namba inayojazwa humo lazima iwe ya pasipoti uliyonayo mkononi. Watu wetu wanasikia "bila viza" wakaelewa "bila kitu".

Umeuliza pia kuhusu mjukuu wa miaka miwili atakayefuatana na bibi yake. Kama naye anasafiri kwa pasipoti ya Oman, anahitaji kibali chake mwenyewe na ada yake mwenyewe. Hakuna mtoto anayepita chini ya kibali cha mtu mzima, hata wa kubebwa. Ada ilianza ikiwa pauni 10, na tarehe 9 Aprili 2025 ikapandishwa kuwa 16, kwa hiyo angalieni kiwango cha siku mnayolipa, na mlipe katika programu au tovuti ya serikali ya Uingereza yenyewe. Ziko tovuti za watu binafsi zenye bendera na nembo za kupendeza zinazotoza zaidi kwa kujaza fomu ile ile ambayo wewe utaimaliza kabla chai haijapoa. Unaruhusiwa kumjazia mama mkwe wako, ila jina lake liandikwe kama lilivyo katika mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, pamoja na "bint" ikiwa imo humo, na usikose kutofautisha sifuri na herufi O katika namba.

Jibu kwa kawaida huja upesi, lakini wao wenyewe wanashauri mtu ajipe siku 3 za kazi, na Jumamosi na Jumapili hazimo. Ombeni leo, mkiwa bado Wete, kwa kadi ambayo mmekwisha kuijaribu kwa malipo ya nje ya nchi. Barua pepe ya kibali ikifika, ukae na pasipoti mpya mkononi, ulinganishe namba tarakimu kwa tarakimu, kisha umpigie simu yule wakala umdai ada yake ya kukagua. Mpira mrudishieni.

Na sasa, assalaam alaykum.