Jirani ananipita bila salamu: maswali yenu wiki hii

Nauza viazi Mwanjelwa, nyumbani ni Uyole. Kuna jirani nikikutana naye alfajiri ananipita kimya. Jioni tunaongea vizuri tu. Nimeshaamini ana maringo. Nakosea? – Mama muuza viazi, Mbeya

Shikamoo mama. Kwetu huku kunyimwa salamu kunauma, sikulaumu. Ila jibu umelibeba mwenyewe: jioni mnaongea. Mwaka 1967 mwanasaikolojia Harold Kelley alieleza namna tunavyotafuta sababu ya tendo la mtu. Jiulize: anawapita wote au wewe tu? Wakati wote, au alfajiri peke yake? Mwenye maringo hayaachi jua likizama. Huyu wako naona ni baridi ya Uyole na daladala anayoiwahi.

Haraka inambadilisha mtu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1973 Darley na Batson waliwatuma wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani, jengo jingine wakatoe mazungumzo. Wengine walipewa hata habari ya Msamaria Mwema. Njiani waliwekewa mtu amejikunyata, anakohoa na kugumia. Wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Hao ni watu waliosomea kuhubiri, mama!

Siku ukipita wewe kimya, utasema ulikuwa unawahi mzigo. Akipita yeye, ndiyo tabia yake. Tangu 1977, Lee Ross alipolipa jina, wataalamu wanaliita kosa la msingi katika kutafuta sababu za matendo ya watu. Kesho mwanzie wewe: “Mwagonile!” Akinyamaza hata jioni, hapo mwite mzungumze.

Kesho nina usaili Mafinga na soli ya kiatu imeachia. Naona wote watakuwa wananitazama miguu. – Kijana, Iringa

Mdogo wangu, mpelekee fundi leo hii apige gundi, uende. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walivalishwa fulana ya kuwaonea aibu, kisha wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Walikadiria karibu nusu ya waliokuwemo wameiona. Walioiona kweli hawakuzidi robo.

Nikisahihisha insha, najikuta mtoto nadhifu nampa alama zaidi. Nifanyeje? – Mwalimu, Njombe

Mwalimu, nimefurahi umelisema, maana hili linaumiza watoto kimyakimya. Edward Thorndike aliliandika mwaka 1920: maofisa wa jeshi la Marekani walipowapima askari wao, aliyependeza kwa umbo walimwona pia ana akili na anajua kuongoza. Sifa moja inazimulika nyingine zote. Nia njema peke yake haitoshi kulizuia, kwa sababu wakati linatokea hulihisi. Basi badili kazi yenyewe. Waambie waandike namba badala ya majina. Sahihisha swali la kwanza la darasa zima ndipo uende la pili, ili uzuri wa jibu moja usilibebe linalofuata. Ukishajaza alama zote, fungua orodha ya majina umtafute yule anayefika na matope ya shamba la chai miguuni, uone safari hii amepata ngapi.