Goju-ryu: jina lililotoka kwenye pumzi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miezi minane kwenye Goju-ryu, mtindo wa karate. Tukifanya Sanchin, mojawapo ya kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa), nakaza mwili wote mwanzo hadi mwisho, na mara mbili nimepata kizunguzungu. Mwenzangu anasema "go" ni kupiga na "ju" ni kukwepa. Je, ndivyo? Na jina hili limetoka wapi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako hajakosea sana, ila ameanzia mbali. "Go" ni ugumu, "ju" ni ulaini, na vyote viwili vimo kwanza katika pumzi yako.

Mtindo wenu ulizaliwa mjini Naha, kisiwani Okinawa, Japani. Kanryo Higaonna alivuka bahari karne ya 19 kwenda Fuzhou, China, akajifunza mapigano ya huko na kurudi kufundisha nyumbani. Watu waliuita Naha-te tu, yaani mkono wa Naha. Mwaka 1930, Jin'an Shinzato, mwanafunzi wa Chojun Miyagi (Miyagi ndiye aliyerithi mafunzo ya Higaonna), alionyesha kata Tokyo. Akaulizwa: shule yenu inaitwaje? Haikuwa na jina. Aliporudi akamweleza mwalimu wake, naye Miyagi akalichukua jina katika shairi lililomo ndani ya Bubishi, maandiko ya Kichina ambayo walimu wa Okinawa walikuwa wakinakili kwa mkono. Mstari wenyewe unasema kuwa kuvuta na kutoa pumzi ndio ulaini na ugumu. Naupenda mstari huo kuliko maelezo yote marefu niliyowahi kuyasoma kuhusu karate.

Sasa turudi kwenye kizunguzungu. Inaelekea unabana pumzi. Ukikaza kifua huku koo limefungwa, shinikizo linapanda kifuani, damu inayorudi moyoni inapungua, na kichwa kinazunguka. Simama hivi: miguu upana wa mabega, kisigino cha mguu wa mbele usawa wa vidole vya mguu wa nyuma, vidole vikielekea ndani kidogo, magoti yamekunjika, mabega chini. Vuta hewa kwa pua hadi usikie tumbo chini ya kitovu limejaa, mkono ukirudi bila papara. Ngumi inapotoka, toa hewa kwa mdomo na ukaze pamoja nayo. Ikifika mwisho, hewa nayo imefika mwisho. Koo lisikwaruze. Ukisikia mkoromo kooni, umekaza mahali pasipohusika. Mwalimu anapokupigapiga mabegani wakati wa Sanchin anakagua hayo hayo: kama mabega yamepanda, kama pumzi imekatika.

Kizunguzungu kikiendelea hata ukipumua vizuri, acha mazoezi na umwone daktari kabla ya kurudi.

Mwombe pia mwalimu wako, wakati wake ukifika, akufundishe Tensho, kata aliyoitunga Miyagi mwaka 1921. Msimamo ni ule ule wa Sanchin, ila viganja viko wazi na vinazunguka taratibu. Hapo utaisikia "ju" kwenye vifundo vya mikono.