Hitler aliingia kwa kura au kwa mapinduzi?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tumegawanyika. Wengine wanasema Hitler alichaguliwa kihalali, wengine wanasema alipindua serikali. Kisheria ipi ni sahihi, na kifungu gani kilimpa njia?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Wa mapinduzi ndio waliopotea zaidi. Mapinduzi yalijaribiwa yakashindwa. Jaribio la mwanasiasa Kapp dhidi ya serikali ya Ujerumani, Machi 1920, liliungwa mkono na Lettow-Vorbeck, kamanda yule yule aliyewapiga Waingereza hapa Tanga Novemba 1914. Wafanyakazi waligoma, likafa ndani ya siku chache. Hitler naye alijaribu lake Munich mwaka 1923, akaishia jela. Baada ya hapo akafuata njia ya vifungu.

Lakini hata wa kura wasishangilie. Novemba 1932 chama chake kilipata asilimia 33.1, kikiwa kimeshuka kutoka 37.3 ya Julai. Uchansela, yaani ukuu wa serikali, alipewa na Rais Hindenburg tarehe 30 Januari 1933, katika baraza la mawaziri lenye Wanazi watatu tu, yeye akiwamo. Wanasiasa wa kihafidhina, akina Franz von Papen, walidhani watamshika hatamu.

Sasa kifungu. Ibara ya 48 ya Katiba ya Weimar, katiba ya Ujerumani ya wakati ule, ilimruhusu Rais kutoa amri za dharura na kusimamisha haki za msingi. Bunge liliweza kuzitengua, na wasomaji wengi huishia hapo wakaridhika. Isome pamoja na ibara ya 25, iliyompa Rais uwezo wa kulivunja Bunge. Julai 1930 Bunge lilitengua amri ya Chansela Brüning. Hindenburg akalivunja, na amri ikarudi. Katika uchaguzi uliofuata Wanazi walipanda kutoka viti 12 hadi 107. Mwaka 1932 Bunge lilitunga sheria 5 tu, nchi ikaendeshwa kwa amri. Kwa hesabu yangu, demokrasia ile ilikuwa mahututi kabla Hitler hajakalia kiti.

Jengo la Bunge lilipoungua, amri ya 28 Februari 1933 ilifuta uhuru wa magazeti na mikutano, na watu wakakamatwa bila mashtaka. Tarehe 23 Machi ukaja muswada wa kuiruhusu serikali itunge sheria bila Bunge. Ulihitaji theluthi mbili. Wakomunisti 81 walizuiwa; wabunge wa SPD, chama cha kisoshalisti, walifika 94 kati ya 120. Kiongozi wao, Otto Wels, alisimama akaupinga, mgambo wa Kinazi wakiwa wamejaa ukumbini. Matokeo: kura 444 za ndiyo kwa 94 za hapana.

Chukua kalamu. Warudishe Wakomunisti na wa SPD waliokosekana, nao wapinge: wapinzani wanafika 201, na bado 444 inazidi theluthi mbili ya 645. Kwa hiyo polisi peke yao hawaelezi ushindi ule. Chama cha Kikatoliki cha Zentrum, chenye viti 73, kiliunga mkono. Kiongozi wake, kasisi Ludwig Kaas, aliahidiwa barua ya dhamana kutoka kwa Hitler. Haikuletwa. Wote wangehudhuria na Zentrum ikakataa, muswada ungeanguka.

Sheria hiyo ilikuwa ya miaka 4; ikaongezwa muda mwaka 1937. Katiba mpya ya Ujerumani Magharibi ya 1949 haikumrudishia Rais madaraka ya ibara ya 48, na ibara yake ya 79 inataja misingi isiyoweza kubadilishwa hata Bunge zima likikubali.